Bunge la Minnesota likifungwa, mbunge anadaiwa majibu

Kila Mei, Bunge la Minnesota, jimbo la Marekani, linapomaliza vikao vyake mjini Saint Paul, wabunge huwaandikia watu wa maeneo yao kueleza walichofanya. Wasomaji wetu wanaoishi huko wameleta maswali.

Barua ya mbunge wetu inasema amewasilisha miswada mingi. Ndiyo kusema amechapa kazi?

Si lazima. Jimbo lina wawakilishi 134 na maseneta 67, na miswada mingi haitoki hata kwenye kamati. Angalia alivyopiga kura, hasa kwenye bajeti. Kumbukumbu ziko wazi kwenye tovuti ya bunge. Kama kura iliyokugusa haikutajwa kwenye barua, piga simu ofisini kwake uulize. Aliyeomba kura yako anadaiwa jibu hilo.

Mswada tulioupigania haukufika kwenye kura. Umekufa?

Inategemea mwaka. Bunge huhesabiwa kwa miaka miwili miwili. Ukikwama mwaka wa kwanza, kama 2025, unabaki hai hadi mwaka wa pili. Ukikwama mwaka wa pili, umekufa. Itabidi uwasilishwe upya baada ya uchaguzi.

Kwa nini mambo mazito hupitishwa usiku wa manane?

Katiba ya jimbo hairuhusu vikao vivuke Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei, na siku yenyewe ya kufunga hairuhusu kupitisha mswada. Kwa hiyo mwisho halisi ni saa sita usiku wa Jumapili. Mei 2024 lilipitishwa furushi moja la kurasa zaidi ya 1,400 huku wapinzani wakipaza sauti ukumbini, ilhali katiba hiyohiyo inataka kila sheria ishughulikie jambo moja tu. Huko ni kumnyima mwananchi haki yake. Mtu anayetoka zamu ya usiku atasoma saa ngapi kurasa 1,400?

Ukishapita, ni sheria?

Bado, unamsubiri gavana. Miswada iliyopita siku tatu za mwisho za kikao cha mwaka wa pili ana siku 14 baada ya bunge kufungwa za kuitia saini; asipoitia, imekufa kimyakimya.

Watu wazima wasio na hati za uhamiaji waliondolewaje kwenye MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo?

Mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi liligawanyika 67 kwa 67. Mei ikaisha bajeti haijakamilika, na Gavana Tim Walz akaitisha kikao maalumu tarehe 9 Juni, kwa kuwa ni yeye pekee mwenye uwezo huo. Katika maridhiano, Warepublican walidai watu wazima wasio na hati waondolewe kwenye bima waliyoanza kuipata Januari mwaka huohuo. Watoto walibaki. Mswada ulipita barazani kwa kura 68 dhidi ya 65. Kwa upande wa Wademocrat, aliyeuunga mkono barazani ni Melissa Hortman peke yake, kiongozi wao, ili shughuli za serikali ya jimbo zisisimame kwa kukosa bajeti. Baadaye alizungumza na waandishi wa habari huku akilia. Tarehe 14 Juni aliuawa nyumbani kwake katika mji wa Brooklyn Park. Bima hiyo ilikoma mwisho wa mwaka.

Kura ile iliwaumiza watu wetu, na bado inaniuma. Lakini Hortman, Mungu amrehemu, alisimama mbele ya watu akaieleza. Huyo ndiye mbunge ninayemheshimu hata tusipokubaliana.

Mimi si raia. Naruhusiwa kumwandikia mbunge?

Ndiyo, ndugu yangu, bila woga. Unaishi kwenye eneo lake, basi wewe ni mtu wake. Taja mtaa unaokaa, shika jambo moja, na uweke namba ya mswada: ya Wawakilishi huanza na HF, ya Seneti na SF. Sehemu ya Brooklyn Park inawakilishwa na mzaliwa wa Kenya, Huldah Momanyi-Hiltsley, aliyechaguliwa 2024. Usingoje Januari wakishazama kwenye kamati. Omba miadi sasa, wakiwa wamerudi nyumbani.