Mbwa wa watu sita

Swali la wiki hii mmeuliza, "Mbwa wa nyumbani apelekwe kwa daktari mara ngapi kwa mwaka?" Nimelisoma jana usiku nikashindwa kulala, maana mimi naona kabla ya mara ngapi mngeuliza nani. Nani kwenye hiyo nyumba anamshika mbwa kila siku? Sisemi anayemwekea chakula, nasema anayemshika, anayetia vidole kwenye manyoya.

Majumbani kwetu mbwa ni wa wote. Baba ndo kamleta, dada wa kazi anampa ugali na dagaa, kijana wa bustani anamfungulia saa tatu usiku na alfajiri anamrudisha bandani, watoto wanamwita kupitia dirishani, basi. Siku inaisha hakuna mkono uliomgusa. Najua wapo wasiomgusa kwa sababu ya dini na hao siwasemi kabisa, jirani yangu mmoja ni wa hivyo na mbwa wake ana maji safi kuliko alivyokuwa wangu, kwa sababu kamteua kijana wake mmoja, kazi yake ni mbwa, na akiulizwa anajibu.

Sisi tuko Kihonda, Morogoro. Nyumbani tulikuwa sita, mimi, mume wangu, watoto wawili, dada na kijana wa bustani. Jeki wakati huo ana miaka minne, mweusi, kifuani baka jeupe, akibweka mtaa mzima unajua kuna mtu getini. Ilikuwa masika, mwezi wa nne, mvua haikati. Alhamisi hakula. Dada kaona ugali umebaki akajua watoto wamempa mifupa ya supu, mimi nimeona bakuli nikajua dada kamzidishia. Ijumaa hakula tena, kijana akamwaga kile chakula akaosha bakuli, na mimi nilipoona bakuli safi nikafurahi kabisa kwamba leo kala. Usiku hakubweka. Asubuhi mume wangu akasema leo tumelala vizuri. Hayo maneno yakinijia mpaka leo naumia.

Jumamosi hiyo nimezunguka nyuma ya nyumba kuchota maji ya mvua, namkuta kalala kwenye tope pembeni ya simtanki. Aliponiona alipiga mkia chini mara moja, mara moja tu, akatulia. Nikachuchumaa. Miaka minne nilikuwa sijawahi kuchuchumaa karibu na yule mbwa. Nikafunua sikio, kwa ndani kupe wamejipanga, wengine wadogo kama punje za mtama, wengine wamevimba kama mbegu za mbarika, na katikati ya vidole vya miguu hivyo hivyo. Nikafunua mdomo, fizi nyeupe kama karatasi. Jirani mwingine akaniambia ukutani mpe brufen ana homa huyo, nikamsagia nusu kidonge kwenye maziwa nikamnywesha, nikawa nahangaika na usafiri. Bajaji ya kwanza ikakataa, mbwa hapakiwi, ya pili ikakataa, ya tatu ikataka elfu kumi na mbwa afungwe kwenye kiroba. Sikumfunga kwenye kiroba, nilimfunga kanga yangu, na mwanangu aliyekuwa darasa la tano akakaa kakishika kichwa cha Jeki mapajani njia nzima analia kimya kimya.

Daktari cha kwanza kauliza, "Mmempa nini?" Nikasema brufen. Akaweka kalamu chini akasema mama usirudie tena, hiyo inachubua tumbo la mbwa na kuumiza figo. Cha pili akauliza, "Mara ya mwisho kula ni lini?" Nikamwangalia mwanangu, mwanangu akaniangalia. Nikampigia dada simu, hajui, nikampigia mume wangu, hajui. Nyumba ya watu sita.

Ikawa homa ya kupe. Wakachukua damu, akawekewa dripu, akaandikiwa vidonge vya doksisaiklini siku 28. Na huku dripu inashuka daktari akatusimulia kuhusu simba wa Serengeti, kwamba mwaka 1994 takriban theluthi moja walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaowashika mbwa hawa hawa wa nyumbani, na damu zao zilipochunguzwa baadaye zilikutwa pia na vijidudu vinavyoletwa na kupe vimezidi kiasi. Simba mwenyewe. Halafu akaomba kadi ya chanjo. Kadi hakuna. Jeki alichanjwa akiwa mtoto, mara moja, tukaona yameisha.

Tuliporudi ndo nikajua na kumuogesha tulikuwa tunakosea. Kijana alikuwa anatumia dawa ya ng'ombe anapima kwa kizibo cha soda, dawa ambayo ikizidi inamlewesha mbwa mpaka inaweza kumuua, na banda hakuna aliyewahi kuligusa, wakati kupe jike akishiba anajidondosha, anaingia kwenye ufa wa ukuta na kutaga mayai maelfu. Unaogesha mbwa leo, kesho anapandwa tena na wale wa ukutani. Tukaziba nyufa, tukapulizia dawa, tukarudia.

Sasa nilikaa kuandika nikitaka kusema kwenda kwa daktari si hoja, hoja ni mkono wa kila siku. Ila nikikumbuka ile kadi nashindwa kuandika hivyo. Mkono unaona kupe, unaona kidonda, unaona mbwa kakonda. Mkono hauoni distempa wala parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, ikiwa njiani, na kichaa cha mbwa dalili zikishatokea hakuna mkono wala daktari wa kumrudisha huyo mbwa, na akimng'ata mwanao ukachelewa, mtoto naye karibu hakuna kupona. Kwa hiyo jibu langu ni mara moja kwa mwaka bila kukosa, kwa chanjo, na mwenye uwezo aende mara mbili. Watoto wa mbwa ni zaidi, kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 8 halafu kurudia kila wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16. Lakini najua kuna vijiji daktari yuko mbali na bwana mifugo ni mmoja kata nzima, huko kama kuna chanjo inatangazwa, mara nyingi huwa karibu na 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mpelekeni hata kwa kamba ya katani. Na ukienda kwa daktari huku nyumbani hakuna anayejua jana kala au hakula, utamwambia nini?

Jeki ana miaka saba sasa. Yule mwanangu yuko fomu wani, kila jioni kabla ya kumfungulia anamshika masikio, vidole na fizi, afu anaandika kwenye daftari lililoning'inizwa mlango wa banda. Jana kaandika: kala, kanywa, sikio la kushoto kupe mmoja, nimemtoa.