Unaenda Dubai kikazi? Angalia mshahara wa msingi kwanza

Wanaonicheki inboksi kuhusu kazi za Dubai karibu wote wanaanza na nauli, mi nawauliza barua ya ofa unayo? Ejenti akikwambia njoo na viza ya kutembea utabadilishiwa huku huku, kaa chonjo. Kubadilisha kupo kweli, ila mpaka kibali kitoke huruhusiwi kupiga kazi hata siku moja, na viza ikiisha faini ni dirham 50 kila siku inayopita. Jamaa niliyekaa naye chumba kimoja alifanyishwa kazi mgahawani kwa mtindo huo, mwisho wa mwezi hela hakupewa na kwenda kulalamika akaogopa maana yeye mwenyewe makaratasi hana.

Njia iliyonyooka ni kwamba kampuni inakutumia ofa ya wizara ya kazi yao, MOHRE, unasaini ndo inatoka viza ya kuingilia. Ofa ina namba, ihakiki kwenye app yao kabla hujatoa hata mia. Ukifika ni kupimwa damu, eksirei ya kifua, alama za vidole na Emirates ID, na gharama za viza na kibali kisheria ni za mwajiri, asikukate.

Sasa watu wakiona dirham 2,000 wanaruka tu. Tazama ilivyogawanywa! Ukikuta msingi ni 800 na zilizobaki ni alawansi ya nyumba na usafiri, jua kiinua mgongo kinapigwa kwa ile 800, siku 21 kwa kila mwaka ndani ya miaka mitano ya kwanza, yaani kama dirham 560 kwa mwaka. Msingi ungekuwa 1,500 ungepata 1,050. Ofa ni ileile 2,000 bwana. Na bargeni kabla ya kusaini, ukishatua huku nani atakusikiliza.

Majaribio mwisho miezi 6, ukitaka kuhamia kampuni nyingine hapo katikati toa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Pasipoti ni yako, bosi haruhusiwi kuishikilia hata akisema ni kwa usalama, wengi bado wanajaribu.

Halafu likizo, ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo ukaazi wako unaweza kufutika, kwa hiyo kama unarudi nyumbani kuuguza mtu hesabu tarehe tangu siku ya kugongewa muhuri wa kutoka.