DNP ya uuguzi wa wazee si PhD

Dada, umeuliza kama DNP ya Marekani (Doctor of Nursing Practice, yaani udaktari wa uuguzi kwa vitendo) ni sawa na PhD. Hapana, ni vitu viwili. DNP ni uzamivu wa kazi yenyewe, wodini na kliniki: unamaliza kwa mradi wa kuboresha huduma, na mwongozo wa 2006 wa chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani (AACN) ulitaka angalau saa 1,000 za mazoezi baada ya shahada ya kwanza. PhD ni utafiti na tasnifu. Kama lengo ni kufundisha chuo hapa Mwanza, chukua PhD. Nilizichambua zote mbili wakati natafuta pa kuomba.

Wengi hawajui kwamba kule fani ya wazee imeunganishwa na ya watu wazima, kwa hiyo utasoma kuhudumia hata vijana wa miaka 13, siyo bibi na babu wa Ukerewe tu uliowazoea.

Ukirudi, cheti kipeleke TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kitambuliwe. Ila kuitwa "Dokta" hakukupi leseni ya udaktari wa tiba. Utabaki chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na ada, bila ufadhili, hiyo ni kesi nyingine kabisa.