Unataka kutengeneza pombe yako Lubumbashi? Anza na aksizi

Kijana mmoja wa Katuba ameniandikia: "Yaya, RCCM, usajili wa biashara, nimepata, namba ya kodi nimepata, tangi liko njiani kutoka Zambia. Mwezi ujao naweza kuuza bia yangu?"

Hapana, mdogo wangu. Na kama tangi hujalimalizia malipo, mwambie muuzaji asubiri.

Nakuelewa lakini. Sisi sote humu tumechoka kunywa bia ya Simba ya wengine, tunataka jina letu likae kwenye chupa. Shida ni kwamba tangu Kongo iingie OHADA, ule umoja wa sheria za biashara Afrika, mwaka 2012, RCCM imekuwa nyepesi kupata, basi watu wanadhani safari imeisha. RCCM inasema wewe ni nani, basi. Pombe ina aksizi, yaani ushuru wa bidhaa kama hizi, na aksizi ni ya DGDA, watu wale wale wa forodha unaowaona mpakani Kasumbalesa. Sheria ya aksizi ni ya mwaka 2018, isome. Wanataka wakujue kabla hujachachusha kitu: unafanyia wapi, kwa vyombo gani, unatoa nini, na daftari la lita.

Kibali changu kimetoka juzi, na nasema kwa kifua mbele, maana nilikipata kwa machozi. Mimi natengeneza kinywaji cha asali ya porini. Dosie (faili la maombi) ya kwanza niliandaliwa na mtu wa makaratasi, tena nikamlipa dolari. Ofisa akaishika chupa, akasoma etiketi, akauliza: "Mama, ndani kuna zabibu?" Zabibu ya wapi? Akafungua kitabu cha ushuru, akanionyesha kwa kidole: 2203 ni bia ya kimea, 2204 ni divai ya zabibu, 2206 ni vinywaji vingine vilivyochachushwa, na humo pombe ya asali imetajwa wazi. Yule bwana wa makaratasi alikuwa ameandika 2204 kila ukurasa. Dosie ikarudi nyumbani pamoja nami. Etiketi nilizokwisha kuchapisha watoto wanachorea nyuma yake mpaka leo, na bwana mwenyewe simu hapokei.

Msione ni namba tu. Kila mstari wa kitabu hicho una kiwango chake cha aksizi, na aksizi inadaiwa bidhaa ikitoka kiwandani, mteja awe amekulipa au hajakulipa. Juu yake TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, inayohesabiwa pamoja na hiyo aksizi. Sasa wewe unampa mwenye baa katoni kwa deni kwa sababu ni shemeji! Serikali umekwisha kuilipa, shemeji anakuambia wiki ijayo. Jamani, acheni deni. Nimelisema hapa mara nyingi na nitalirudia: acheni deni.

OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, nao watachukua sampuli. Hapo angalieni joto. Asali isiyomaliza kuchachuka inaendelea ndani ya chupa, hasa Oktoba yetu hii, na kiwango cha pombe kwenye etiketi kinaachana na kile cha maabara. Pimeni kwa densimetre, kile kipimo cha uzito wa kimiminika, mpaka namba isimame siku kadhaa, ndipo mfunge vizibo. Kuuza kwa glasi pale pale nyumbani ni ruhusa nyingine, ulizeni komini (manispaa) yenu. Jimbo nalo lina takse yake.

Wapo watakaoniambia mama wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hajawahi kujaza fomu na watoto wake wamesoma. Ni kweli, na simlaumu. Lakini yeye hana etiketi, na siku polisi wakimwaga pipa lake hana pa kulalamika. Ukitaka supermaketi ikupangie rafu, huwezi kuishi kama yeye.

Kwa hiyo: kabla ya tangi na kabla ya etiketi, beba chupa moja na karatasi inayoeleza unachotengeneza, nenda DGDA asubuhi, uombe wakuandikie kinywaji chako kiko mstari gani. Kwa simu hakuna atakayekujibu. Na malipo yao yanapita benki. Anayekuomba mkononi, mwulize kwanza namba ya akaunti.