Ushauri wa kulisha na kufunza mbwa: uliza kipimo kwanza

Anayeanza kufuga mbwa hakosi washauri. Jirani, muuza chakula, aliyekuuzia mbwa na mlinzi wa getini, kila mmoja ana lake. Wachuje kwa swali moja: kiasi gani, kwa mbwa wa kilo ngapi na wa umri gani? Asiyeweza kujibu anakisia, hata kama amefuga miaka mingi.

Chukua ugali na dagaa, chakula cha mbwa wengi wa huku kwetu. Ukiambiwa "mpe gramu 300", uliza: za unga au za ugali ulioiva? Karibu theluthi mbili za ugali ni maji, kwa hiyo majibu hayo mawili yanatofautiana mara tatu hivi. Mbwa mzima wa kilo 20 asiye na kazi nzito anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku, na gramu 300 za unga wa mahindi zinafikisha hesabu hiyo peke yake. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Tumbo limejaa, lakini unga huo una protini asilimia 8 hivi, ilhali viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wengi wa chakula cha mbwa ni angalau asilimia 18 ya chakula kikishaondolewa maji kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua. Baada ya muda manyoya yanafifia na kupukutika, mapaja yananywea, na mwenye mbwa anashauriwa anunue dawa ya minyoo.

Punguza unga uwe gramu 200, weka dagaa wakavu waliochambuliwa mchanga gramu 70 na kijiko kikubwa cha mafuta: nguvu inabaki pale pale, protini inapanda hadi karibu asilimia 20. Bado si mlo kamili, na kwa mtoto wa mbwa hautoshi. Ila ni ushauri unaoweza kuuweka kwenye mizani, ukamwonyesha daktari akausahihisha.

Wa "mpe nyama tupu" nao wana soko. Mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mtoto wa mbwa anayekula huo tu mifupa yake hulainika na miguu hupinda. Kisha anatokea mwingine na kopo la unga wa kalsiamu. Kwa German Shepherd mdogo ambaye tayari anakula chakula kamili cha gunia, nyongeza hiyo nayo huharibu ukuaji wa mifupa. Yaani kalsiamu ile ile inamfaa mmoja na kumdhuru mwingine, na anayeisifia bila kuuliza mbwa wako anakula nini ana mzigo wa kuuza.

Ushauri mmoja usijadiliwe kabisa: "mahindi yaliyoota ukungu wape mbwa." Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupika, na mbwa huathirika nayo upesi. Anakataa chakula, anatapika, fizi zinageuka njano, ini limeshaumia. Sumu hiyo hiyo iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004.

Kwenye gunia, tafuta kama ni chakula kamili au cha nyongeza, cha mbwa wa umri gani, na tarehe ya mwisho. Kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi hakikuonyeshi hayo, na mafuta yake huenda yameshachacha.

Wakati mwingine washauri wawili wanagongana na wote wana haki. Mmoja anasema usimtoe mtoto wa mbwa nje kabla ya kumaliza chanjo, yaani karibu wiki ya 16. Mwingine anasema azoeshwe watu na kelele mapema, kwa kuwa dirisha la kuzoea huanza kufunga wiki ya 12 hadi 14. Mbebe. Aone bodaboda, watoto wa shule na mwavuli unaofunguka akiwa mikononi mwako, bila kukanyaga ardhi wanakojisaidia mbwa usiowajua, maana virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi.

Kuhusu mafunzo, pilipili kwenye chakula haimpi mbwa ukali, inamtesa tumbo. Nadharia ya kumtawala mbwa kibabe ilitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja, na David Mech, mtafiti aliyesaidia kuieneza, aliikosoa mwenyewe mwaka 1999. Ushauri mzuri wa mafunzo nao una kipimo: tuzo ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo, somo la dakika 3 hadi 5, vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku. Kumchapa kwa mkojo wa asubuhi ulioukuta jioni kunamfundisha kukuogopa unapoingia, basi.

Mkufunzi mwangalie akiwa kazini na mbwa mwingine kabla ya kumlipa. Mkia uliobanwa, masikio yaliyolala na kulambalamba midomo mbele yake ni majibu tosha: anaogopwa. Anayeondoka na mbwa na kuahidi kumrudisha "kamili" baada ya wiki mbili anamfunza kumtii yeye, uwanjani kwake. Dai ufundishwe wewe, na bakiza sehemu ya malipo hadi mbwa akutii getini kwako, bodaboda zikipita.