Prodyuza kupewa uamuzi wa mwisho si kupewa wimbo
Unauliza kama prodyuza akipewa uamuzi wa mwisho studio anakuwa mmiliki wa wimbo? Hapana, ndugu. Kumruhusu prodyuza aamue mdundo, mpangilio wa ala na hata ubeti upi ukatwe hakumfanyi kuwa mmiliki wa wimbo wako, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inataka uhamishaji wa haki za kiuchumi, yaani za kunufaika kifedha na wimbo, ufanywe kwa maandishi, na maneno ya studio za Sinza, Dar es Salaam, hata yakisemwa mbele ya mashahidi, hayatoshi. Hata hivyo, akitunga kiitikio au melodi yeye mwenyewe, hapo ni mtunzi mwenza, tena kwa haki kabisa. Nayo rekodi ina haki zake tofauti na za utunzi. Mgawanyo wa haki hizo zote uandikwe kabla ya kuingiza sauti.