Kwa madogo wa fildi: kabla hujaniletea ramani ya klorofili, fungua bendi ya B11

Nimeletewa tena ramani ya klorofili (kijani cha mwani) ya bwawa la Mtera, iliyotokana na picha za setelaiti, nyekundu kuanzia Ruaha inapoingilia mpaka ukutani kwa bwawa, na dogo aliyeileta anatabasamu kabisa, "braza, huku kuna mlipuko wa mwani". Hamna mlipuko dogo. Kuna tope, juu ya tope kuna moshi wa Septemba, halafu juu ya moshi kuna wewe uliyebonyeza programu ikaanza kuchakata ukaenda zako kula chipsi mayai. Siwachukii, mnajua, ila nimechoka maana kila kundi linalokuja makosa ni yaleyale kama vile mnarithishana, kwa hiyo nayaandika hapa myasome kabla hamjanigongea mlango.

1. Sen2Cor, programu ya kutoa anga kwenye picha za setelaiti ya Sentinel-2 (yaani kuondoa mwanga uliotoka angani ubaki wa chini tu), ni ya nchi kavu. Ile picha ya L2A mnayoishusha imeshatolewa anga kwa akili ya mashamba na misitu, maji hayakuwa kwenye hesabu zake. Shusha L1C, ambayo haijaguswa, toa anga mwenyewe kwa programu za maji, ACOLITE au POLYMER au C2RCC. Hili limeisha, sitaki maswali.

2. Wote mnajua, na kwenye mtihani mnajibu vizuri, kwamba karibu asilimia 90 ya mwanga unaofika kwenye setelaiti juu ya bahari umetoka angani wala haujagusa ndani ya maji. Sasa mkikaa kwenye kompyuta mnasahau maana yake. Maana yake ni kwamba ukikosea asilimia 1 tu kwenye jumla, kwenye maji umekosea kama asilimia 10, ndo maana wenzetu waliweka boya la MOBY, linalopima mwanga unaotoka majini, karibu na kisiwa cha Lanai kule Hawaii tangu 1997 ili wawe wanazinyoosha setelaiti zao. Kazi yetu ni sawa na kutafuta uzito wa dereva kwa kupima lori akiwa ndani, halafu unatoa uzito wa lori uliosoma kwenye makaratasi, karatasi likidanganya kidogo tu unapata dereva mwenye kilo hasi. Na kabla hujasema lolote kuhusu dereva, liangalie lori kwanza.

Mimi sikuliangalia. Ngoja niwaambie maana najua mnasimuliana nusunusu huko nje na mnaongeza chumvi.

Nilikuwa nafanya Sentinel-2 za mkondo wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara. Maji yale ni masafi, bluu iko juu kuliko kijani, algorithimu ya uwiano wa bluu kwa kijani (uwiano ukishuka, inasoma klorofili nyingi) inatakiwa ifanye kazi bila shida. Nikatoa anga, nikapiga klorofili, ikaja na mikanda. Mikanda mizuri ajabu, imenyooka, imelala kaskazini kwenda kusini, imeinama kidogo kuelekea magharibi, kila mmoja una upana wa kama kilomita 24, mmoja una klorofili nyingi unaofuata kidogo. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza bahari gani inachorwa kwa rula. Mimi nikaanza kusoma kuhusu mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki na maji ya Rufiji yanavyopanda kaskazini, na nikajiambia nimegundua kitu.

Ubaya ni kwamba kila nilichokagua kilinikubalia. Nikachukua picha ya siku 5 mbele, mikanda ipo palepale. Nyingine siku 5 tena, palepale, nikaandika "mfumo wa kudumu". Nikaenda Juni na Julai, imefifia, nikaandika "una msimu". Nikarudi Machi, imerudi, nikaandika msimu wenyewe una vilele viwili, Machi na Oktoba, nikaunganisha na kupishana kwa kusi na kaskazi. Aya nzima hiyo, tena nilikuwa najisikia.

Nikaiwasilisha mbele ya watu. Kwenye safu ya mbele kulikuwa na mama mmoja, mtu wa bahari kwelikweli, kanisikiliza mpaka mwisho kisha akanyoosha mkono kwa upole: "Samahani mwanangu, naona mkanda wako unafika Unguja kaskazini, halafu unatokea upande wa pili kusini kwenye mstari uleule. Umepita chini ya kisiwa?" Watu wakacheka. Hapo ningenyamaza ningekuwa nimeaibika kidogo tu. Sasa mimi kwa kiburi nikajibu kwamba huenda kuna mchango wa maji ya chini. Maji ya chini! Chini ya kisiwa! Mama wa watu akaniangalia kwa huruma akasema "haya", na hiyo "haya" yake mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu nafumba macho.

Kumbe Sentinel-2 ina ditekta 12 zimepangwa kwa kupishana, moja inaangalia mbele kidogo inayofuata nyuma kidogo, na picha nzima ina upana wa kilomita 290, gawanya mwenyewe kwa 12. Juu ya nchi kavu tofauti hiyo ya pembe huioni. Juu ya maji penye glinti, yaani mng'aro wa jua unaorudi kutoka kwenye uso wa mawimbi, ditekta moja inaukuta mng'aro mwingi na jirani yake mdogo, basi unapata mikanda. Iko palepale kila safari kwa sababu setelaiti inapita njia ileile. Ina msimu kwa sababu hapa kwenye latitudo ya 6 kusini, ambayo ni Zanzibar na ni Dodoma pia, jua la utosini linatupata mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya kwanza na ya pili ya Oktoba, na Juni linakuwa limekwenda zake kaskazini. Kusi na kaskazi hazihusiki kabisa. Na ule mng'aro ni karibu mweupe, unaongeza kiasi kilekile kwenye bluu na kwenye kijani, uwiano unashuka kuelekea 1, algorithimu inaona "aha, mwani". Fizikia ilikuwa sawasawa muda wote, mimi ndo nilikuwa nimepima lori nikaliita dereva.

Na dawa yake ilikuwa ya dakika moja. B11, bendi ya infraredi ya nanomita 1610. Kwenye mawimbi hayo maji yanameza mwanga wote, bahari inatakiwa iwe nyeusi ti, kwa hiyo chochote unachokiona kwenye B11 juu ya maji ni anga, ni glinti, ni wingu jembamba au ni mashua. Ningeifungua ningeiona mikanda yangu yote imejipanga mle kama wanafunzi paredi. Sikuifungua kwa sababu haikuwa na faida kwenye fomula ya klorofili, na ndivyo mnavyofanya na nyie, mnashusha bendi nne mnazozihitaji ili kuokoa bando. Bando nitawapa mimi. Shusheni zote.

Wanasayansi Cox na Munk walishaonyesha tangu 1954 jinsi glinti inavyotegemea upepo na pembe ya jua, na SeaWiFS, ya kupima rangi ya bahari, ilipopaa 1997 iliwekewa uwezo wa kuinama digrii 20 ili kuukwepa huo mng'aro, na setelaiti ya PACE ya 2024 nayo inainama. Sentinel-2 hainami, ilijengwa kwa ajili ya nchi kavu, bahari imejialika yenyewe. Kwa hiyo washa kutoa glinti kwenye mipangilio, haijiwashi kwa maombi.

3. Mwinuko. Hesabu ya Rayleigh, yaani mwanga unaotawanywa na molekuli za hewa, haijui kama uko Ziwa Victoria, inachukulia presha ya usawa wa bahari, hektopaskali 1013, wakati ziwa liko mita 1134 na presha ni kama 885. Usipoweka mwinuko unatoa Rayleigh ya ziada kama asilimia 14 na inayoumia zaidi ni bluu. Hombolo hivyohivyo, na hapo ndipo huwa nashangaa, mtu anaishi Dodoma, kila siku anasikia tuko juu ya mita elfu moja, akikaa kwenye programu anajiona yuko Kigamboni.

4. Sasa Mtera. Njia ya kutoa anga ya Gordon na Wang ya 1994 inaanza na dhana kwamba kwenye infraredi ya karibu, kule nanomita 765 na 865, maji ni meusi, kilichopo chote ni aerosoli (chembechembe za hewani), kisha inakadiria aerosoli hiyo kurudi mpaka kwenye bluu. Bahari kuu ni kweli. Mtera ni uongo, tope linang'aa kwenye infraredi, programu inalihesabu tope kama aerosoli, inatoa kupita kiasi, bluu inakuwa hasi au karibu sifuri, uwiano unaanguka na klorofili inapaa. Tumia bendi za SWIR kama ile B11. Na tafadhali, tafadhali, thamani hasi msizifute wala msizigeuze sifuri ili ramani ipendeze, hizo ndo zinazowaambia kwamba mmetoa anga kupita kiasi, mkizifuta mmemfukuza shahidi.

Moshi nao, hii sijui niipe namba gani. Kuanzia Juni mpaka Oktoba watu wanachoma mapori na mashamba, na moshi unameza mwanga wa bluu. Kwenye infraredi kumeza huko hakuonekani, kwa hiyo programu haina namna ya kujua, hata uibembeleze vipi. Picha ya siku yenye moshi mwingi iache, chukua nyingine. Flagi, yaani alama za tahadhari za programu, zikisema ATMFAIL (kutoa anga kumeshindikana) zinamaanisha ATMFAIL, hazitanii.

5. Ule 1000. Kuanzia toleo la uchakataji 04.00, tarehe 25 Januari 2022, namba za Sentinel-2 zimeongezewa 1000, unatoa 1000 kwanza ndo unagawa kwa 10000. Usipotoa, umeongeza riflektansi (sehemu ya mwanga inayorudi) ya 0.1 kwenye maji ambayo mara nyingi hayafiki hata 0.05 yenyewe. Msiangalie tarehe ya picha kuamua, maana za zamani nazo zimechakatwa upya zikawekewa hiyohiyo, fungueni metadata. Na anayetengeneza grafu ya miaka mingi akiona Januari 2022 maji yote ya Tanzania yamebadilika kwa usiku mmoja, asije kwangu na nadharia ya mabadiliko ya tabianchi.